Kachori ya Delhi siyo kachori ya Majengo

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa hapahapa Dodoma, Nkuhungu, nimesoma Pune, India, miaka mitatu halafu nikahamia Delhi kusoma masta, mwaka jana nimerudi. Pune nilishazoea pani puri, vile viputo vya unga vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo, jioni nikitoka chuo lazima nipite, sasa kufika Delhi namwambia muuzaji nipe pani puri watu wakacheka, eti hapa ni golgappa, na ndani hakuna ile njegere ya moto. Nikasema basi ngoja nile kachori maana hiyo naijua toka utotoni, nikaletewa kitu kama andazi kavu limemwagiwa mchuzi wa viazi! Na sasa ofisini kwetu Mtumba kuna jamaa kasoma Kolkata anasema mi na watu wa Delhi wote hatujui kitu, jina la ukweli ni puchka. Nani yuko sahihi? Halafu hii kachori yetu ya viazi tumeitoa wapi, au tulidanganywa? Na nikitaka kujipikia hizo pani puri hapa Dom naanzia wapi? (Mlaji wa Nkuhungu)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuchekwa, hata mi yalinikuta. Nilikaa Mumbai miezi minne namuuguza kaka yangu, jioni nikitoka wodini chakula changu kilikuwa cha barabarani tu, kwa hiyo hapa umegonga mlango wenyewe.

Wote watatu mko sahihi, mnagombana bure. Kile kiputo cha puri ni kilekile, unakitoboa na kidole gumba, unajaza, unachovya kwenye maji, unakitupia mdomoni kizima. Mumbai na Pune ni pani puri, yaani puri ya maji basi, Delhi golgappa, Kolkata puchka, Lucknow watakwambia pani ke batashe, na Odisha huko ni gupchup. Kinachobadilika ni tumbo. Mumbai wanaweka ragda, ndo hiyo njegere nyeupe unayoililia, pamoja na chatne tamu ya ukwaju na tende. Delhi ni viazi na dengu, maji yana nanaa. Kolkata viazi vinavurugwa na viungo na pilipili mbichi, maji ya ukwaju makali, utamu hamna. Nilionjeshwa na mama mmoja wa huko tuliyekuwa tunauguza naye wodi moja, na nikiulizwa mi nampa ushindi huyo jamaa yako, ila usimwambie.

Sasa kachori, hapa ndo pana utamu. Ulichopewa Delhi ndo kachori ya kule, ganda la unga wa ngano, ndani dali ya kusaga na viungo, inakaangwa kwa moto mdogo mpaka inakauka. Jaipur wanajaza vitunguu. Gujarat wanayo ya duara kabisa, ndani mbaazi mbichi. Ya kwetu, kiazi cha kupondwa kikachovywa unga wa dengu, Mumbai inaitwa batata vada, na Pune umeipita kila siku hukuitambua kwa sababu wanaificha ndani ya mkate na chatne ya kitunguu saumu inakuwa vada pav. Anayetajwa kuianzisha ni Ashok Vaidya mwaka 1966, nje ya stesheni ya treni ya Dadar, Mumbai, watu wa viwanda vya nguo wanashuka wanakula huku wanatembea. Na huo pav ni neno la Wareno, mkate wao.

Kwa hiyo hujadanganywa, jina tu lilihama likaacha mwenye nalo. Angalia hata bagia: Delhi wanaita pakora, Gujarat ndo bhajia, na Wahindi wetu wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, wakaifuata ile reli ya Mjerumani iliyofika Kigoma 1914, wakafungua maduka kila stesheni, ndo maana mama wa Majengo anauza bagia na hajawahi kusikia pakora. Sambusa ya nyama nayo usihangaike kuiulizia kila mji, wengi wao wanajaza viazi. Hyderabad wana lukhmi ya nyama ya kusaga lakini ina pembe nne.

Ya kupika. Suji (ile ngano ya kusagwa chengachenga) kikombe kimoja, unga wa ngano vijiko viwili, chumvi, maji kidogokidogo, kanda mpaka liwe gumu kuliko la chapati, funika na kitambaa kilicholowa nusu saa. Hicho kitambaa usikidharau, upepo wetu huu wa Dom unakausha donge kabla hujageuka, na puri iliyokauka haivimbi hata uiombe. Sukuma nyembamba, kata na kikombe cha kahawa, mafuta yawe ya moto kweli, ikiingia ibonyeze kidogo na kijiko itapanda yenyewe. Maji yake sasa: ukwaju si umejaa hapa, loweka, kamua, chuja, tia nanaa, kotimiri, pilipili mbichi, bizari nyembamba uliyoikaanga kavu ukaisaga. Itakayokusumbua ni ile chumvi nyeusi inayonuka yai, ulizia kwenye maduka ya Wahindi. Usiweke ubuyu, nilijaribu, ukawa uji.

Na usizijaze ukazipanga kwenye sinia kusubiri wageni, zinalegea zote. Jaza moja moja, mlaji kasimama mbele yako.

SWALI: Shangazi, bagia zangu za dengu zinakunywa mafuta mpaka mteja anazikamua na gazeti, kosa nini? (Mama Bagia, Chang'ombe ya Dodoma)

JIBU: Mafuta unayawahi mdogo wangu, bado hayajapata moto. Dondoshea tone la unga, likikaa chini subiri, likipanda juu hapohapo anza. Na magadi punguza, hayo ndo yanafungulia mafuta mlango.