Ukipewa kipindi cha umakinifu na hisia: maneno kwa mwalimu anayeanza

Ukishapangiwa kipindi cha umakinifu na hisia, yaani cha kuwafundisha watoto kuelekeza akili kwenye kinachotokea sasa na kuzitambua hisia zao, walimu wenzako watafurahi, tena kwa sababu isiyo yake. Wengi watadhani umepewa kazi ya kunyamazisha watoto. Haitapita muda utaanza kuletewa watukutu mlangoni: "Mwalimu, hebu mtulize huyu kidogo." Kataa mapema na kwa adabu. Ukikubali mara moja tu, kipindi chako kimeshageuka adhabu, na hakuna mtoto anayejifunza kutulia mahali anapopelekwa akikosea.

Wewe mwenyewe pia usihadaike na ukimya. Watoto ni mafundi wa kunyamaza. Mtoto anaweza kukaa kimya kipindi kizima, mikono juu ya dawati, huku ndani anatokota kwa hasira au amekufa ganzi kwa hofu, nawe ukamsifu kwa utulivu wake. Tunachotaka ajifunze ni kukitambua kinachompitia wakati kinapita: hasira hii hapa, imepanda, bado haijaniamulia la kufanya. Darasa linalojifunza hilo wakati mwingine lina kelele, na mkaguzi akipita dirishani aone kelele, mweleze.

Inafaa ujue mazoezi haya yalikotoka, maana wazazi watakuuliza. Asili yake ni tafakuri ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliyachukua mazoezi hayo bila ibada zake akayapangia programu ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Shuleni yalifika baadaye sana. Waliokusudiwa mwanzo, basi, walikuwa watu wazima, wanaumwa, na wamekuja kwa miguu yao. Wewe una watoto walioletwa na ratiba. Ndiyo maana nasema fupisha. Madarasa ya chini dakika moja inatosha. Wakubwa mbili au tatu. Ni afadhali dakika moja kila asubuhi kuliko nusu saa ya mara moja kwa wiki ambayo watoto wanaisubiri iishe.

Mzazi anayehofia dini ya mwanawe mpe jibu la kweli. Usimwambie kwamba mambo haya hayana uhusiano wowote na dini, kwa sababu akienda kusoma atakuona mwongo. Mwambie yalikotoka, mwonyeshe unachofanya darasani, mkaribishe akae nyuma asikilize. Wengi wakiona kwamba mtoto anasikiliza sauti zilizopo nje ya dirisha na kutaja hisia zake, wanaridhika. Asiyeridhika, mtoto wake apewe kazi nyingine ya kimyakimya bila kutengwa wala kusemwa.

Na kwa mkuu wa shule usiahidi makubwa. Nchini Uingereza, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio kubwa katika shule 84, likiwa na wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa miaka 11 hadi 14. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: waliofundishwa umakinifu hawakuwa na afya ya akili bora kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida ya hisia na mahusiano. Waliokuwa tayari katika hatari zaidi hawakunufaika, na kwa baadhi ya vipimo walionekana kuwa na hali mbaya kidogo. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani. Walimu, kwa upande wao, walipata nafuu ya uchovu wa kazi, ingawa haikudumu.

Kuna walioyasoma hayo wakasema somo zima lifutwe. Mimi sikubaliani nao, ila naona ni kosa kulijenga somo zima juu ya mazoezi ya pumzi. Uchambuzi wa Joseph Durlak na wenzake wa mwaka 2011, uliokusanya programu 213 za stadi za hisia na mahusiano zenye wanafunzi zaidi ya 270,000, ulionyesha maendeleo ya tabia, ya hisia, na hata ya masomo darasani. Programu zilizofanya vizuri zilikuwa na mpangilio wa hatua kwa hatua, watoto wakitenda badala ya kusikiliza tu, na kila kipindi kikiwa na stadi yake inayotajwa wazi. Na walimu wa kawaida wa shule waliweza kuzifundisha wenyewe bila kungoja mtaalamu kutoka nje. Kwa hiyo mimi kipindi changu nakigawa hivi: pumzi na umakinifu kidogo mwanzoni, sehemu kubwa kutambua na kutaja hisia, na iliyobaki kuzungumza jinsi ya kuishi na wenzetu.

Tuanze na pumzi, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Waambie watoto "vuteni pumzi ndefu" uone: mabega yanapanda hadi masikioni, vifua vinatunishwa, kila mmoja anashindana na jirani, na baada ya mara tano kuna anayelalamika kizunguzungu. Kinachotuliza mwili ni pumzi inayotoka. Tunapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo, kazi inayofanywa na neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Basi fundisha kutoa: avute kawaida, kisha atoe taratibu kama anayepuliza povu la sabuni na hataki lipasuke. Wadogo wanaielewa hapohapo bila maelezo zaidi.

Kisha usimlazimishe mtu. Mwenye pumu mara nyingi hapendi kabisa kuifuatilia pumzi yake, kwake pumzi ni jambo la mashaka. Aliyefiwa, aliyepigwa au aliyeona yasiyosemeka anaweza kufumba macho akakutana na kilekile anachokikimbia mchana kutwa. Toa nafasi ya kuchagua kila mara, na uitoe kwa darasa zima ili asionekane yeyote: anayetaka afumbe macho, anayetaka atazame chini kwenye dawati, anayetaka afuate pumzi, anayetaka asikilize sauti za nje au asikie nyayo zake zilivyogusa sakafu. Ukimwona mtoto amekakamaa, anatetemeka, au anatazama bila kuona, usiendelee. Inuka, badilisha zoezi kwa wote, wasimame wajinyooshe, kisha umfuate baadaye akiwa peke yake.

Sasa hisia zenyewe. Uliza darasa lolote "mnajisikiaje?" na utajibiwa "vizuri" kwa sauti moja. Hilo si jibu, ni salamu. Anzia mwilini, maana huko watoto hawana haja ya kutunga. Lugha yetu inajua hisia zinakaa wapi: tumbo joto, roho juu, moyo mzito, kijasho chembamba, damu kuchemka. Waulize ni lini mara ya mwisho tumbo lilipata joto, na darasa lililokuwa limenyamaza litakuwa halinyamaziki. Hapo ndipo unapopanda kutoka mwilini kwenda kwenye jina. Watoto wengi wana majina mawili tu, hasira na furaha. Waongezee taratibu: wivu, aibu, upweke, kinyongo, fadhaa, wasiwasi, kuvunjika moyo. Mtoto aliyejua kwamba alichokuwa akikiita hasira ni aibu ya kuchekwa mbele ya wenzake ameshapata nusu ya njia, kwa sababu dawa ya aibu na dawa ya hasira ni mbili tofauti.

Faida ya kutaja jina la hisia imeonekana hata kwenye maabara. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia huku bongo zao zikipimwa kwa mashine. Waliposema jina la hisia iliyoko usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipunguza kazi yake. Kwa darasa, chombo ninachokipenda ni mraba wa hisia unaotumiwa na Marc Brackett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale. Chora ubaoni mraba uliogawanyika mara nne: juu kuna nguvu nyingi, chini nguvu kidogo, kushoto kunauma, kulia kunapendeza. Mtoto hahitaji kueleza lolote, anaonyesha tu yuko wapi. Hasira na wasiwasi vinakaa juu kushoto, huzuni na upweke chini kushoto. Wengine hugundua kwa mshangao kwamba chini kulia nako, kwenye utulivu, ni mahali pa mtu kuishi.

Lakini usimfanye mtoto aweke moyo wake hadharani. Mraba huo ujazwe kwenye kikaratasi kinachokunjwa, au kila mtu aonyeshe robo aliyopo kwa kidole akikiweka kifuani, ambapo wewe tu unaona. "Leo sisemi" liwe jibu kamili lisilohitaji sababu. Darasani kuna mahasimu, kuna wanaotafuta cha kumtania mtu hadi mwisho wa muhula, na siri iliyotolewa kwenye kipindi chako inaweza kugeuka jina la utani kabla ya mapumziko.

Fundisha wakati kumetulia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia na kupima mambo, inaendelea kukomaa hadi mtu akaribie miaka 25 au zaidi, na mtoto aliyepandwa na hasira hana nafasi ya kujifunza jambo jipya. Ukimwambia "pumua" wakati huo anasikia "nyamaza". Wakati huo mpe nafasi, sauti ya chini, maneno machache, ukae karibu naye usawa wa macho yake ikiwa anakubali. Mazoezi yawe yameshafanywa siku nyingi za amani, kwa mchezo. Kwa wadogo mbinu ya kobe, inayotumika tangu miaka ya 1970, bado haijapata mpinzani mbele yangu: jua kwamba umekasirika, simama, jikunyate ndani ya gamba lako upumue mara tatu, kisha toa kichwa ukiwa na wazo la kufanya. Watoto hupenda kuigiza gamba kuliko mwalimu anavyotarajia, na vicheko viache vije.

Haya yote yataanguka ikiwa wewe mwenyewe unaingia darasani unafoka. Mtoto hutulia kwa kuazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye. Maneno anayafuata baadaye. Simama nje ya mlango kidogo kabla ya kuingia, legeza taya, toa pumzi. Ukiwa umeamka vibaya, sema: "Leo nimechoka, nitaongea polepole." Watakuwa wameshajua kabla hujasema.

Kuna jambo moja ambalo sina mzaha nalo. Mtoto anayeonewa na wenzake, anayechapwa kila siku au anayekuja na njaa hahitaji kwanza kufundishwa kupumua. Hasira yake ina haki yake na hofu yake inasema kweli. Ukimfundisha kuvumilia kwa utulivu kile ambacho watu wazima walipaswa kukikomesha, umetumia somo hili dhidi yake. Hapo kazi yako inahamia ofisini kwa mkuu wa shule na si ubaoni.

Kwa hiyo jiandae kusikia mazito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la vijana 40 hao ni watano au sita, na kipindi chako kitawafungua midomo. Kabla ya kipindi cha kwanza jua ni nani mnasihi, nani anashughulikia ulinzi wa mtoto, na taarifa inaandikwa wapi. Mtoto akianza kwa "usimwambie mtu", mjibu kabla hajaendelea kwamba kama yuko hatarini itabidi uwaambie wanaoweza kumsaidia, na utamwambia ni akina nani. Sikiliza, usimhoji kama polisi, usionyeshe mshtuko. Akimaliza, mshukuru kwa kukuambia, andika maneno yake kama alivyoyasema, yafikishe siku hiyohiyo. Usijifanye daktari wa akili. Na ukitoka hapo, tafuta mwenzako unayemwamini ukae naye kidogo, bila kutaja jina la mtoto, maana mambo haya hukaa mwilini mwa anayesikia.

Utaombwa alama. Zikatae ukiweza. Ukimpa mtoto 60 kwa hisia zake, kesho atakuletea hisia za 80. Ikibidi uandike kitu kwenye ripoti, andika anachofanya: anataja hisia kwa jina, anaomba nafasi kabla ya kulipuka, anarudi kusuluhisha. Mwisho wa muhula wape karatasi zisizo na majina wajibu mambo matatu: zoezi gani wamelitumia nje ya darasa, lini, na lipi liachwe. Hilo la tatu lisome kwa moyo mkunjufu. Mara nyingi litakuwa lile unalolipenda kuliko yote.