Undu wa jogoo si gegedu

Je, undu wa jogoo (ule upanga mwekundu kichwani) una gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika kama ya sikioni? Hapana, ndani yake hakuna gegedu. Ni tishu unganishi laini: nyuzi za kolajeni (protini imara) ndani ya ute mzito wa asidi ya hayaluroniki, yaani mnyororo mrefu wa molekuli mbili za jamii ya sukari, asidi ya glukuroniki na asetiliglukosamini, zinazopokezana. Asidi hiyo hunasa maji mengi mno, ndiyo maana undu husimama bila mfupa. Testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo huichochea. Mhasi jogoo uone undu unavyonywea. Baadhi ya sindano za asidi hiyo, za kulainisha goti linalouma, hutengenezwa kutokana na undu, kwa hiyo mwenye mzio wa kuku au mayai amwambie daktari kwanza. Nyingine siku hizi hutokana na bakteria.