Mkuu wa Moshi, futa hiyo "tutaandikiana tu" kabla hujaalika mtu

Nimesoma maswali yako yote: mapambo ya usiku wa kauboi, chakula, kila mtu apewe chipu ngapi (vile vidude vya kuchezea badala ya hela), watu wanane kama wanatosha kwa shindano la poka sebuleni. Nikafika kwenye ule mstari uliouchomeka mwishoni, "atakayeishiwa ataongezwa, tutaandikiana tu, tutamalizana asubuhi", chai ikanipalia. Mengine yatasubiri.

Chipu haitoki mkononi mwako kabla hela haijaingia kwenye kopo. Hata kwa shemeji. Hasa kwa shemeji.

Mimi niliandikiana. Nyumbani kwangu Njiro, machalii tunaojuana tangu shule, kila mmoja na kofia ya pama, blanketi la kijani limetandikwa mezani, nyama iko jikoni. Kiingilio 20,000, watu wanane, kwenye kopo la maziwa ya unga zikaingia 160,000 taslimu. Mpaka hapo hakuna mwenyeji aliyenizidi Arusha nzima.

Sasa kuna jamaa mjuaji, aliwahi kukaa meza ya kasino mara moja akarudi na miwani myeusi ambayo hajaivua hadi leo. Ndiye aliyenishauri: "Poka ya waungwana haisimami eti mtu akatafute wakala wa kutoa hela. Akiishiwa mpe, andika, mwisho mnapiga hesabu." Waungwana! Kasino ninayoijua mimi unabadilisha hela dirishani kwanza ndipo unavuta kiti. Na unadhani nani alikuwa wa kwanza kuandikwa? Yeye na miwani yake.

Daftari lilikuwa la hesabu la mwanangu, nyuma kwenye jedwali la kuzidisha. Jina, mstari. Jina, mstari. Mwanzoni inachekesha, mtu anasema "niandike bwana" huku anatafuna nyama. Kinachofuata hakichekeshi. Shindano la Hold'em, poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, lina ladha kwa sababu ukiishiwa umetoka, ndiyo maana mtu anatupa karata mbovu na kusubiri. Ukileta daftari, woga unakwisha. Jirani yangu alishika esi mbili, akasukuma chipu zake zote katikati, sahihi kabisa. Mjuaji akafuata na 7 na 2 za alama tofauti, mkono mbovu kuliko yote katika Hold'em. Nikamuuliza unafanya nini? "Twende tu, si naandikwa?" Mwenye esi mbili hapo ana zaidi ya nafasi 80 katika 100 za kushinda. Zikafunguliwa tatu za mwanzo, ikatoka 7. Ya nne, hamna kitu. Ya tano, 2 ya kopa: jozi mbili zimepiga jozi moja ya esi. Jirani akanyamaza, akavua pama, akaniambia na mimi niandike. Alikuwa hajakopa maishani mwake huyo, hata chumvi.

Tulimaliza jogoo wanawika. Mistari 11 ya 20,000 kila mmoja, yaani 220,000 za karatasi. Kapu la zawadi likasomeka 380,000. Tulikubaliana wa kwanza asilimia 60 na wa pili 40. Wa kwanza 228,000, na hakukopa hata senti, huwezi kumwambia kitu. Wa pili 152,000, alikuwa na mstari mmoja, nikamkata 20,000 yake, akanuna. Jumla ya kulipa 360,000. Kwenye kopo, 160,000. Hizo 200,000 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye jedwali la kuzidisha. Waliozikopa wanavaa viatu, "tutaongea mkuu", na washindi wawili wamesimama mlangoni wanamtazama mwenye nyumba. Nikatuma kutoka kwenye simu yangu, na makato ya kutuma juu yangu. Mke wangu aliamka akauliza swali moja: "Baba Junior, kwani wewe ulikuwa unacheza au ulikuwa benki?"

Mjuaji aliahidi kutuma Jumatatu. Hakusema ya mwaka gani.

Nilijifariji na Wild Bill Hickok, yule mpiga bastola wa Marekani enzi za makauboi, maana ndiye tuliyemfanya mada ya usiku ule. Alipigwa risasi kwa nyuma akiwa mezani kule Deadwood mwaka 1876, na inasimuliwa alikuwa ameshika esi mbili na nane mbili, zote nyeusi. Angalau yeye aliyemmaliza hakuwa amemchomea nyama.

Na usidhani hasara ni hela tu, mikopo ndiyo iliyotukeshesha. Nane kwa chipu 5,000 kila mmoja ni 40,000 mezani. Anza blaindi, yale madau ya lazima, na 25 na 50, pandisha kila dakika 20. Ile kubwa ikifika 2,000, mezani zimebaki blaindi 20 tu kwa watu wote, mchezo unajimaliza. Mimi na mistari yangu 11 tulizifanya 95,000. Blaindi zinapanda, na chipu nazo zinapanda, mtaisha lini? Kwa hiyo aliyeishiwa kununua chipu tena ni mara moja tu, ndani ya saa ya kwanza, kwa hela iliyoonekana. Simu haina salio? Wakala yuko barabarani, pama yake tutamlindia. Na kopo ashike mtu asiyecheza, maana wewe ukishakunywa mbege utaanza huruma.

Usijikatie komisheni kwenye kapu, hata ya mkaa. Hapo mmetoka kwenye mchezo wa marafiki mmeingia kwenye biashara ya kubahatisha, na hiyo ina leseni na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha tangu sheria ya 2003. Mkaa wachange pembeni, kabla.

Chakula: chochote kisicho na mafuta mezani, karata za karatasi zikishikwa na mkono wa nyama choma unaijua shupaza kwa alama ya kidole. Usitumie vifuniko vya soda badala ya chipu, watu wana mifuko. Pama utazipata kwenye mitumba ya Memorial hapo hapo kwenu, wahi asubuhi. Mapambo mengine sikumbuki uliuliza nini, na kusema kweli hata ya kwangu sikuyaona, nilikuwa naandika.