Maswali Yenu: Magogo mtoni ni kwa ajili ya samaki kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri. Bro wangu yuko Marekani, jimbo la Washington, anaendesha katapila. Juzi kanitumia video wanachimba kijito pembeni ya mto, halafu wanadumbukiza magogo mazima na mizizi yake, eti kwa ajili ya samaki salmoni. Sasa sisi huku kila mvua tunahangaika kutoa magogo Msimbazi yasizibe daraja, wao wanalipwa kuyaweka? Ananipiga kamba au? – Msomaji, Kigogo

JIBU: Marahaba. Hakupigi kamba kabisa. Salmoni anazaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini, anarudi mtoni kuzaa, hiyo wengi wanaijua. Ila wapo wanaoitwa coho, vifaranga vyao vinakaa mtoni mwaka mzima hivi ndo vishuke baharini, na hapo ndo kwenye kasheshe, maana msimu wa baridi mvua zikipiga mto unakuja na kasi na kifaranga cha saizi ya kidole hakina ubavu, kinasombwa. Zamani vilikuwa vinaingia vijito vya pembeni, maji yametulia, wadudu wa kula wapo. Watu wakaja na matuta ya kuzuia maji ya mto, barabara, reli, wakanyoosha mto wapate mashamba, vijito vikakatwa vikajaa tope.

Kwa hiyo wanavifungua upya. Wanachimba kiangazi maji yakiwa kidogo, na kabla katapila haijashuka samaki waliopo wanavuliwa kwa nyavu wanahamishwa. Wakibahatika kuchimba mpaka yakatoka maji ya chini ya ardhi, hiyo ni dili, yanakuwa ya baridi kiangazi na hayagandi kirahisi wakati wa barafu. Magogo nayo hayatupwi hovyo bwana, mengi yanafukiwa nusu kwenye kingo yasiondoke, maji yakiyagonga yanapunguza kasi na kuchimba kashimo chini yake, kifaranga kinajibanza kwenye mizizi ndege asikione.

Msimbazi msijaribu, gogo lisilofungwa upande maji yanakotoka kabla ya daraja ni mafuriko Jangwani. Ukitaka mfano wa huku nenda Rufiji, mto ukifurika unajaza maziwa ya pembeni na perege na kambale wanazaliana humo, ukikosa kufurika wavuvi wanalia.

Ila mwambie bro akutumie video nyingine mwezi wa nane maji yakipungua, uangalie ule mdomo wa chini wa kijito kama bado umeungana na mto. Ukikauka, vifaranga vimenasa humo ndani na kazi irudiwe.