Ganzi ya Nyayo kwa Mgonjwa wa Kifua Kikuu Sugu

SWALI: Mdogo wangu yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu sugu. Tangu wiki mbili zilizopita nyayo zake zimekufa ganzi, hata ndala humtoka mguuni asijue. Shangazi yetu alitibiwa ugonjwa huohuo mwaka 2012 kwa miezi 20, akichomwa sindano kila siku, akapona lakini masikio yake hayasikii tena. Mdogo wangu anaogopa yasimpate hayo, na nimegundua kwamba anaficha kidonge kimoja anachokishuku. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana, dada. Hofu yake ina msingi, kwa kuwa sindano kama kanamisini ziliharibu kweli masikio ya wagonjwa wengi. Lakini tiba imebadilika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa dawa nne za vidonge, yaani bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, ambao humezwa kwa miezi 6 bila sindano hata moja. Kama huo ndio anaoutumia, tayari yuko karibu na nusu ya safari.

Ganzi hiyo huenda inatokana na linezolidi, ambayo ikitumika kwa majuma mengi huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu, kupunguza damu na kuathiri macho. Hayo ni madhara yanayojulikana kliniki, na daktari anaweza kupunguza dozi au kuisimamisha kwa muda, huku akiangalia kama dawa zilizobaki zinatosha kuwadhibiti vijidudu. Uamuzi huo haufai kufanywa chumbani, kwa siri, na mtu aliyechoka na vidonge. Dawa hizi hulindana: kijidudu kinachoponyoka moja huuawa na nyingine, na ukiondoa moja unakipa nafasi ya kuizoea iliyobaki. Bedakwilini, kwa mfano, hukaa mwilini miezi mingi baada ya kidonge cha mwisho, hivyo mgonjwa anayeacha dawa kiholela hubaki na kiasi kidogo kisichoua vijidudu bali kinachovifundisha usugu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ikishazoeleka bedakwilini, dawa za kuigeukia ni chache mno.

Basi usimgombeze. Mweleze kwamba kuficha kidonge ndiko kunakomnyima msaada, kwani muuguzi anaandika kuwa amemeza dozi kamili na daktari hana sababu ya kuibadili. Nendeni pamoja kesho, mtaje idadi ya vidonge alivyoruka, na asimulie habari ya ndala kama ulivyonisimulia. Aombe kupimwa wingi wa damu, macho, na umeme wa moyo, kwa kuwa bedakwilini na moksifloksasini huweza kuvuruga mapigo yake. Akianza kuona ukungu, au rangi nyekundu ikififia machoni pake, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.