Andika jina la dawa kabla aliyeipiga hajasahau

Daktari alimuuliza mzee wangu, "Mzee, shambani ulikua unapiga dawa gani?" na mzee akajibu bila wasiwasi, "Zote." Daktari akacheka, na mi nikacheka, alafu tukanyamaza maana hakua anatania. Miaka zaidi ya thelathini bomba mgongoni na hamna hata jina moja lililoandikwa popote. Mkono wa kulia ulikua umeshaanza kutetemeka, na harufu alikua hasikii vizuri toka zamani, tulikua tunamcheka kwamba sufuria likiungua yeye ndo wa mwisho kujua, kumbe kupoteza harufu ni moja ya dalili zinazoweza kutangulia Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwa miaka mingi. Nikapewa kazi ya kufuatilia kama hizo dawa za shamba zinahusika, si unajua familia ikishaona mtoto mmoja anapenda kusoma soma. Nimefuatilia kama miaka miwili hivi, na naandika kwa ajili ya mtu mwenye mzazi au mjomba wa namna hiyo anaetaka kuanza kuchimba.

Mi nilianza vibaya. Niliingia intaneti nikatafuta dawa za kilimo na magonjwa, usiku mzima nikasoma, asubuhi nikatoka na hofu tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tatizo lilikua kwenye neno lenyewe. Sisi kila kitu ni dawa. Ya kichwa dawa, ya wadudu dawa, ya magugu dawa, ya ukungu dawa, na neno limekaa kiuponyaji kiasi kwamba mtu anapiga dawa huku hajisikii kabisa kama ameshika sumu. Lakini zikishaingia mwilini hizo hazina undugu. Zile za kundi la organofosfati zinazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kwenye neva, kwaiyo neva zinapiga kelele bila kunyamaza, ndo unaona mtu mate yanamtoka, jasho, mboni za macho zinasinyaa, anatapika. DDT, dawa ya zamani ya wadudu, yenyewe inajificha kwenye mafuta ya mwili na inakaa humo miaka. Parakwati ni ya magugu na ina njia yake nyingine kabisa. Sasa ukiuliza "dawa zinaleta ugonjwa?" hakuna mtu makini atakaekujibu, ni sawa na kuuliza kama majani yanaliwa. Atakuuliza: kitu gani, miaka mingapi, kiliingilia wapi, na wakati huo mtu alikua na umri gani.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni majina, na simaanishi jina kubwa la kwenye chupa. Hilo ni la biashara, linabadilika, na kitu kilekile kinauzwa kwa majina kumi. Unachotafuta kwenye lebo ni kiambato amilifu, yani ile kemikali yenyewe inayofanya kazi, na kiwango chake. Mi niliingia stoo na glavu na barakoa nikapiga picha kila kopo lililokua bado na lebo, hata nusu lebo, bila kufungua kitu na bila kumwaga kitu. Nilipata makopo saba, matatu hayasomeki. Mengine yote ilibidi yatoke kwenye kichwa cha mzee, na hapo ndo nilijifunza jambo: usimuulize mtu "mwaka 1988 ulitumia nini", atakudanganya kwa nia njema. Muulize mwaka ule nyumba inajengwa mlikua mnalima nini, wadudu gani walisumbua, chupa ilikua ya rangi gani, harufu ikoje, mlikua mnachanganyia kwenye nini. Watafiti nao wanatumia kalenda za maisha hivyo hivyo, wanapachika kumbukumbu kwenye ndoa, kuzaliwa kwa mtoto, kuhama. Mzee akaanza kumwaga vitu, mpaka akakumbuka bomba lililokua linavuja nyuma likamlowesha mgongo na suruali msimu mzima.

Hilo la kuvuja andika, usilipite. Tunafikiri sumu inaingia kwa kuvuta hewa, wakati kwa mpigaji dawa mlango mkubwa mara nyingi ni ngozi, na ngozi haziko sawa. Kuna majaribio ya zamani ya parathioni, moja ya zile organofosfati, mkono ulipitisha chini ya asilimia 10 ya kilichopakwa, korodani karibu yote. Nilimsomea mzee, akakaa kimya muda mrefu alafu akaniambia niende kwenye swali lingine.

Kosa langu la pili lilikua la pesa. Nilimpeleka akapimwe mkojo. Mtu ambae hajashika bomba miaka! Majibu yakaja safi, nyumbani wakafurahi, na mi nikafurahi, mpaka niliposoma kwamba mabaki ya organofosfati kwenye mkojo yanasimulia siku chache zilizopita tu. Na kipimo cha damu cha kile kimeng'enya nacho kina masharti, watu tunatofautiana sana kwa viwango, kwaiyo kinasema kitu cha maana kama ulipimwa pia kabla msimu haujaanza, ukawa na namba yako mwenyewe ya kulinganisha. Kwa mambo ya miaka thelathini nyuma, daftari linashinda maabara.

Alafu waulize wanawake. Hapa nakaa kidogo maana nilikaribia kupakosa. Mama aliniambia mara ya kwanza, "Mimi sijawahi kupiga dawa," nikaandika hapana nikaendelea. Wiki nyingine namuona anakunja nguo nikajikuta nauliza, mama, zile nguo za mzee za shamba nani alikua anafua? Akaniangalia kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi. Kwa mikono, na nguo za watoto beseni moja, na mimba zetu zote kazipitishia hapo. Ule utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa Agricultural Health Study, ulioanza 1993 kule Iowa na North Carolina, una watu zaidi ya 89,000 na kati yao zaidi ya 32,000 ni wenza wa wakulima, hawakuwekwa kwa heshima tu, sumu inarudi nyumbani na buti na vumbi. Na bonde la Salinas, California, watafiti wa chuo cha Berkeley walianza kufuatilia wajawazito wa familia za wafanyakazi wa mashambani mwaka 1999 hadi 2000. Watoto walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikua na mabaki mengi zaidi ya organofosfati kwenye mkojo wakati wa mimba walikua nyuma kwa wastani wa pointi 7 za IQ, kile kipimo cha akili, kulinganisha na wale ambao mama zao walikua na mabaki machache kabisa. Hii sikumsomea mama. Bado sijaamua.

Sasa ukishapata majina ndo usome tafiti, na usome pole pole. Mwaka 2011 watafiti waliochukua watu kutoka kwenye utafiti ule wa Iowa na North Carolina walikuta waliotumia parakwati au rotenoni, hii ya pili ni ya wadudu, walikua na uwezekano wa Parkinson kama mara 2.5 ya wasiotumia. Parakwati ipo kwenye daftari letu. Nilikimbia kwa daktari nikidhani nimemkamata mwizi, akanituliza: mara 2.5 ya kitu kinachopata watu wachache bado ni wachache, wapo waliopiga wakazeeka salama na wapo wagonjwa ambao hata shamba hawalijui, kwa kundi unaweza kusema, kwa mzee wako peke yake huwezi. Nilikasirika siku hiyo ila alikua sahihi. Na mambo yenyewe hayaendi upande mmoja, wakulima wa utafiti huohuo kwa ujumla wana saratani chache kuliko watu wengine, wengi hawavuti sigara, ila ya tezi dume kwao iko juu. Glaifoseti, dawa ya magugu, nayo IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la vinavyoelekea kuleta saratani, alafu 2018 hao hao wa Iowa hawakuona uhusiano kati yake na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, kwa jumla. Anaekwambia jibu ni rahisi, anauza kitu.

Mtu ataniuliza sasa daftari la nini kama halithibitishi. Ufaransa toka 2012 Parkinson ni ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia hizi dawa, na moja ya vitu vinavyoangaliwa ni miaka 10 ya kuzitumia. Bila kumbukumbu unaionyeshaje? Na kuna kisa cha DBCP, dawa ya minyoo ya udongoni. Mwaka 1977 wanaume wa kiwanda kimoja California kilichokua kinaitengeneza walikua wanapiga tu stori wenyewe kwa wenyewe wakagundua hawazalishi, wakaomba wapimwe, kumbe kweli mbegu za kiume hamna. Walioanza kuona ni wao.

Mzee sa hivi anatumia vidonge, mkono umetulia kiasi, na kila nikienda ananiongezea kitu kwenye daftari, mara nyingine ananipigia usiku kabisa kaikumbuka rangi ya kopo. Anaepiga dawa siku hizi ni mdogo wangu. Tumekubaliana kila akifungua chupa mpya ananitumia picha ya lebo na tarehe. Ya wiki iliyopita inasomeka vizuri mno, kiambato, kiwango, kila kitu, na kidole gumba kilichoshika ile chupa hakina glavu. Nimeshampigia.