Maswali na Majibu: Mkimbiaji Aliyeumia na Miadi Yake

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yametoka kwa watu wanaokimbia kwa ajili ya afya na furaha yao wenyewe, si kwa ajili ya medali, nao wameumia. Nimechagua yale yanayogusa jambo ambalo nimeliandikia mara nyingi na nitaendelea kuliandikia, yaani namna wakimbiaji wanavyoipoteza miadi yao ya matibabu. Hakuna jibu hata moja hapa linaloweza kuchukua nafasi ya mtu aliyekushika mguu na kukupima.

Swali: Goti langu linauma nikikimbia. Nifanye nini?

Jibu: Swali hili hunijia kila mara kwa maneno haya haya, na kila mara hukosa yote yanayohitajika ili lijibiwe. Ni goti lipi? Maumivu yako mbele, kuizunguka pia ya goti, au upande wa nje, au ndani kabisa ya kiungo? Huanza tangu hatua ya kwanza au baada ya dakika ishirini? Goti huvimba, au hukwama likashindwa kunyooka? Maumivu ya mbele yanayozidi unaposhuka ngazi au unapoinuka baada ya kukaa muda mrefu mara nyingi hutokana na mzigo uliozidi uwezo wa kiungo kati ya pia na mfupa wa paja, nayo hutulia kwa kupunguza umbali na kuimarisha misuli ya paja na nyonga. Maumivu ya upande wa nje yanayojitokeza karibu kila mara baada ya umbali ule ule hutufanya tuushuku ukanda mgumu wa tishu unaoshuka kutoka nyonga hadi chini kidogo ya goti. Lakini goti lililojipinda na kuvimba ndani ya saa chache, au linalokwama, si la kuandikia barua. Ni la kupeleka hospitali.

Nasema kwa ukali kwa sababu najua kwamba sentensi hiyo hiyo ndiyo mnayoibeba hadi chumba cha daktari. Daktari anauliza maumivu yalianza lini, mkimbiaji anajibu, "Muda sasa." Anaulizwa hukimbia kiasi gani kwa wiki, naye anataja umbali wa wiki zake nzuri. Anaombwa aonyeshe goti, kumbe amevaa suruali ya kubana isiyopanda kupita shavu la mguu. Muda wa miadi ni mfupi, na sehemu kubwa imekwenda kabla ya uchunguzi kuanza. Andika ukurasa mmoja kabla ya kwenda: tarehe maumivu yalipoanza, umbali uliokimbia katika kila wiki ya wiki 8 zilizopita, kilichobadilika katika kipindi hicho, dawa zote unazotumia na majeraha yako ya zamani. Vaa kaptura. Chukua na raba ulizokuwa ukikimbilia. Zaidi ya yote, sema kweli kuhusu siku ulizokimbia baada ya kuambiwa upumzike, kwa maana daktari anayeamini kwamba ulipumzika wiki tatu bila kupata nafuu ataanza kutafuta ugonjwa ambao huna.

Swali: Ndugu zangu wananionya kwamba kukimbia kutayamaliza magoti yangu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli kwa mtu anayekimbia kwa kiasi. Uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kuchakaa kwa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kawaida, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kukimbia ni kinga, kwa kuwa mwenye goti bovu huenda aliacha kukimbia mapema, lakini zinatosha kulipunguzia nguvu onyo la ndugu zako.

Swali: Ugoko wangu umeuma kwa wiki tatu. Eksirei haikuonyesha kitu, nikapewa miadi ya kurudi baada ya wiki mbili. Sasa maumivu yamepungua. Kuna haja ya kwenda?

Jibu: Ipo, tena kubwa. Eksirei safi katika wiki za mwanzo haiondoi shaka ya ufa wa mfupa unaosababishwa na mzigo wa kujirudia, kwa sababu ufa wa aina hiyo ni mwembamba na mara nyingi hauonekani mpaka mfupa uanze kujenga tabaka jipya kuuzunguka, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi. Na zipo nyufa ambazo eksirei haizioni kabisa. Kurudi ulikoambiwa ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Siku hiyo daktari ataamua kama eksirei irudiwe, au kama utumwe kwenye kipimo cha MRI, ambacho huonyesha mabadiliko ndani ya mfupa mapema zaidi. Kupungua kwa maumivu baada ya siku kadhaa za kupumzika ni habari njema, lakini ufa nao hutulia mguu usipobebeshwa mzigo, kwa hiyo nafuu hiyo peke yake haitenganishi jeraha dogo na kubwa.

Kabla ya kwenda, kaa kitini, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, kisha pitisha kidole kimoja kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, kuanzia juu ya kifundo kwenda juu, ukibonyeza taratibu kila baada ya upana wa kidole. Maumivu yaliyosambaa kwenye urefu wa sentimita 5 au zaidi kwa kawaida huashiria kuudhika kwa utando wa mfupa na misuli iliyojishikiza hapo, na hilo ni jeraha la kusimamiwa kwa kupunguza mzigo. Maumivu makali yaliyokaa mahali pamoja panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, hasa yakikusumbua unapotembea au yakikuamsha usiku, yachukulie kuwa ni ufa hadi ithibitike vinginevyo, wala usikimbie hata hatua moja. Ulichokiona mwambie daktari. Usikitumie kujipangia tiba.

Niongeze onyo ambalo hukuliomba. Maumivu ya ndani ya kinena yanayozidi unapoubebesha mguu uzito wako yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, na ufa huo ukipuuzwa mfupa unaweza kukatika kabisa na kuhitaji upasuaji wa haraka. Usijaribu kuruka kwa mguu huo ili kujihakikishia. Acha kuukanyagia na uende ukapimwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu miadi, nitarudia nilichokwisha kusema: wakimbiaji wengi huivunja siku wanapoanza kupata nafuu na kuiomba upya siku wanapoumia tena, na kwa hiyo daktari huwaona daima wakiwa wagonjwa, asipate nafasi ya kuwasimamia wanaporudi kukimbia, kipindi ambacho majeraha mengi hurudia.

Swali: Barafu au maji ya moto?

Jibu: Chochote kinachokutuliza kwa dakika 10 hadi 15, mradi usidhani kwamba kimojawapo kitakuponya.

Swali: Nina mbio za kilomita 21 Jumapili na kisigino kinauma. Naweza kumeza ibuprofeni kabla ya kuanza?

Jibu: Usimeze. Dawa za kutuliza maumivu za kundi hilo, pamoja na diklofenaki, hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo katika saa zile zile ambazo juhudi na upungufu wa maji vimekwisha kuupunguza, nazo zinaweza kuudhuru utumbo. Zaidi ya hayo, zinakuondolea taarifa pekee uliyo nayo kuhusu kisigino hicho. Mtu asiyeweza kuanza mbio bila kidonge amekwisha kujibiwa na mwili wake kama ashiriki au asishiriki. Na ukifika kliniki wiki ijayo, usisahau kutaja vidonge ulivyokwisha kumeza wiki hii.

Swali: Kano yangu ya nyuma ya kisigino inauma kwa miezi minne. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa mazoezi, nimeyafanya siku kumi bila mafanikio. Rafiki ananishauri nichomwe sindano ya steroidi. Unasemaje?

Jibu: Siku kumi kwa jeraha la miezi minne ni mwanzo tu wa tiba. Håkan Alfredson na wenzake nchini Uswidi walipochapisha mwaka 1998 mpango wao wa mazoezi kwa ajili ya kano hii, mpango huo ulidumu wiki 12: seti 3 za marudio 15 goti likiwa limenyooka, nyingine 3 goti likiwa limekunjwa kidogo, mara 2 kwa siku, siku zote 7 za juma. Hayo ni marudio 180 kila siku. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, unajiinua kwa mguu usiouma, unauhamishia uzito mguu unaouma, kisha unakishusha kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo. Ipo mipango mingine siku hizi, yenye mizigo mizito na marudio machache, lakini nayo huhesabiwa kwa miezi, si kwa siku, kwa sababu kano hujijenga polepole mno kuliko msuli. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiongezeka siku hadi siku, rudi kwa mtaalamu wako apunguze mzigo. Usibadili zoezi kwa kufuata video wala kwa ushauri wa rafiki.

Sindano ya steroidi inaweza kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini imehusishwa na kukatika kwa kano, na ndiyo maana madaktari wengi huiepuka mahali hapo. Kano ikikatika, wengi husikia kishindo na kuhisi kana kwamba wamepigwa teke kwa nyuma, kisha hushindwa kuinuka kwa vidole vya mguu huo. Likikupata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine ambalo wakimbiaji wachache hulijua ni kwamba antibiotiki za kundi la siprofloksasini zinaweza kudhuru kano, kiasi kwamba mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo lake kali kuliko yote. Usikatishe dawa uliyoandikiwa bila kuuliza, lakini kila daktari anayetaka kukuandikia antibiotiki, hata kama umekwenda kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo, mwambie kwamba unakimbia na kwamba kano yako ni mgonjwa.

Swali: Ni raba zipi zinazozuia majeraha?

Jibu: Hakuna. Chagua zinazokustarehesha tangu hatua ya kwanza, na usibadilishe raba na umbali katika wiki moja.

Swali: Nina miaka 47. MRI imeonyesha gegedu la goti limechanika, na daktari ameniambia niache kukimbia maisha yangu yote. Nikubali?

Jibu: Siwezi kumpinga aliyekupima, lakini una haki ya kumrudia na kumuuliza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu watu ambao magoti yao hayakuwa na maumivu wala historia ya kuumia, na hata hivyo gegedu za kati ya mfupa wa paja na ugoko zilikutwa zimechanika kwa takriban asilimia 4 ya walio chini ya miaka 40 na asilimia 19 ya waliofikisha umri huo. Picha peke yake, basi, haitoshi kuamua hatima ya mkimbiaji wa umri wako. Muulize kama mchaniko huo uko mahali hasa panapouma, kama goti lako lina dalili za kukwama au kulegea, na ni nini kitakachotokea ukifanya miezi mitatu ya mazoezi ya nguvu kabla ya uamuzi wowote. Omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa michezo.

Nina neno kwa madaktari pia. Katazo la maisha lisiloambatana na sababu humfanya mgonjwa aondoke, akimbie kwa siri, na asirudi tena hata anapokuwa na dalili za hatari. Mweleze, naye atakusikiliza.

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 26. Nimepata ufa wa pili wa mfupa wa mguu ndani ya mwaka mmoja. Ninunue vidonge gani vya kalsiamu?

Jibu: Dada yangu, kabla ya kununua chochote, niambie hedhi yako ikoje. Ikiwa imekosekana kwa miezi mitatu au zaidi, au imekuwa ikiruka ruka tangu ulipoongeza mazoezi, mwambie daktari wa mifupa hata kama hakukuuliza. Ujauzito ukishaondolewa shaka, huenda unakula chakula kisichotosha mwili wako na mazoezi yako kwa pamoja, hata kama hujakusudia kupungua. Mwili unaokosa nishati hupunguza homoni zinazolinda mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza hali hii kwa upana mwaka 2014, ikasisitiza kwamba huwapata wanaume pia. Omba upimwe damu, pamoja na vitamini D, na uulize kama unahitaji kipimo cha uzito wa mifupa. Wapo makocha wanaowaambia wasichana kwamba kukatika kwa hedhi ni dalili ya mazoezi yaliyokolea. Ni uongo unaovunja mifupa, na kocha anayeusema asifuatwe.

Swali: Nimepangiwa kumwona mtaalamu baada ya wiki sita. Nikae tu nikisubiri?

Jibu: Usikae. Ipigie simu kliniki na uombe jina lako liwekwe kwa ajili ya nafasi zinazoachwa na wanaoghairi. Wakati huo huo endesha baiskeli, ogelea, fanya mazoezi ya nguvu ya sehemu zisizouma. Kama huna dalili za ufa nilizozitaja hapo juu, unaweza kujaribu kukimbia na kutembea kwa zamu, mradi maumivu, ukiyapa mwenyewe daraja kuanzia 0 hadi 10, yasizidi 3 na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa. Yaandike kila siku. Daraja hizo za wiki sita zitamsaidia mtaalamu kuliko kumbukumbu yako.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi: shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu au baada ya mguu kufungwa, kupumua kwa shida bila sababu, maumivu ya kifua au kuzimia ukiwa unakimbia, maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo. Likikupata mojawapo, nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo, na mtu mwingine akupeleke.